Kisu Kilicholia Kabla ya Wakati

Nyumbani kwa Mzee Cayrel, juu kule Aubrac, milima ya ng'ombe ya Ufaransa, visu havikupangwa mezani. Sahani zilipangwa, vijiko vilipangwa, bakuli la supu lilikaa katikati na chupa ya divai pembeni yake, lakini kisu kila mtu alikuja nacho mfukoni. Unakaa, unakitoa, unakikunjua, unakula. Ukikisahau, ama unaiacha nyama ama unamwomba jirani akukatie kama mtoto wa miaka mitatu, na watu watakuulizia habari za meno yako mpaka Krismasi.

Séverin alikuwa nacho kisu, tusimsingizie. Lakini kisu gani! Alikinunua zamani za jeshini kwa mchuuzi aliyeuza pia viberiti na picha za watakatifu. Bapa lilicheza, mpini ulikuwa umefungwa uzi mara mbili, na ukikata kitu kigumu kidogo kilijifunga chenyewe juu ya vidole vyako. Kovu analo. Basile, mfanyakazi wa pale nyumbani, mtu mzima wa miaka arobaini na mdomo usiopumzika hata Jumapili, kila Séverin alipokitoa alivuta mkono wake kando na kuuliza kama daktari yuko karibu.

Mwingine angecheka nao yakaisha. Séverin hakuweza, kwa sababu nyumba ile haikuwa yake. Noélie alikuwa mtoto pekee wa Mzee Cayrel, na kwao Séverin walikuwa ndugu sita juu ya shamba la mawe. Kwa hiyo alipooa hakumchukua mke. Alihamia yeye ukweni, na sanduku moja na kisu kile. Miaka mitatu imepita. Watu walimsemesha vizuri, hakuna aliyemkosea adabu, lakini kila jambo lilimpita likaenda kwa Mzee: ng'ombe yupi auzwe, malisho yapi yafyekwe kwanza, vibarua walipwe lini. Yeye alibaki mkwe. Na mtu akiitwa mkwe miaka mitatu ndani ya nyumba anayoivunjia mgongo, huanza kuona vitu vidogo kuwa vikubwa.

Kitu kikubwa kuliko vyote kwake kilikuwa mlio. Mzee Cayrel aliketi kwenye kichwa cha meza na kisu alichoachiwa na baba yake, bapa limenolewa miaka mingi mpaka likabaki jembamba. Kabla ya kula alichora msalaba kwa ncha yake chini ya mkate, ndipo akaukata na kumpa kila mtu kipande. Alipomaliza kula alilifuta bapa kwa ganda la mkate, akalifunga kwa mkono mmoja: ta! Hapo chakula kimekwisha. Hasemi neno. Kama una tonge mdomoni utalimalizia njiani. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba zote za kule: mwenye nyumba akifunga kisu, watu wanainuka, na kabla hajakifunga hainuki mtu, hata zizi liwe linaungua.

Séverin aliusikia mlio ule mara tatu kwa siku kwa miaka mitatu. Kila aliposikia aliinuka. Nani asingechoka?

Mwezi wa sita, majuma mawili kabla ya kuvuna nyasi, Noélie alimwita kando ya kisima akamtia mkononi leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na hela zake za mayai tangu Pasaka: faranga thelathini mpya, ambazo kila mtu kule bado aliziita elfu tatu, maana serikali ilibadilisha hesabu mwaka uliotangulia na vichwa vya watu havijaifuata. Séverin alijua hela zile zilikuwa za kitambaa cha gauni. Alisema zirudi kwenye leso. Noélie alimwambia akanunue kisu cha maana, kwamba gauni linangoja lakini Basile hangoji, na kwamba amechoka kumwona mumewe akikata jibini huku amejificha. Basi akazipokea. Kuzipokea huko nako kulimkaa kooni baadaye, lakini siku ile alifurahi.

Siku ya gulio la ng'ombe alishuka mjini Laguiole, akaingia duka dogo nyuma ya kanisa. Fundi alikuwa mwanamke, Bi Mathilde, mjane wa miaka sitini hivi, vidole vyeusi kwa mafuta, miwani imeshikiliwa na uzi. Hakumwuliza anataka nini. Alimwambia kwanza atoe alichonacho mfukoni. Séverin akakitoa kwa aibu. Bi Mathilde akakikunjua, akakitikisa karibu na sikio, akakiweka mezani.

"Una kiasi gani?" aliuliza.

"Elfu tatu, mama."

"Na unakitaka kwa kazi gani?"

"Kazi zote. Mkate, kamba, kwato, fimbo. Kila siku."

"Basi hela yako usiitawanye. Iweke kwenye bapa na kwenye kiungo. Mpini ni nguo tu."

Akamwekea visu vitatu juu ya kitambaa. Cha kwanza kilikuwa na mpini mweupe unaong'aa, nyuki wa dhahabu mgongoni, na kizibuo cha chupa. Séverin alikipenda mara moja. Bi Mathilde akamwamuru akiinue dirishani atazame kati ya springi na mpini. Mwanga ulipenya mstari mzima. Hicho, alisema, ni cha wageni wanaokuja na magari majira ya joto. Kinakaa kwenye kabati, na ndipo mahali pake. Kisha akamfundisha kushika ncha ya bapa kwa vidole viwili na kuisukuma kulia na kushoto; bapa likicheza leo, mwakani litakukata. Akamfundisha kupitisha makali juu ya ukucha ili asikie kama yanauma au yanateleza. Akamweleza pia habari za chuma: kipo kisichoshika kutu, kizuri kwa wavivu, lakini kikishakuwa butu utatoka jasho, na kipo cha zamani, kinachoingia weusi na kutaka kufutwa kila siku, ambacho ukikipitisha kwenye kinoo mara tano tu kinanyoa ndevu. Alisema mtu wa ng'ombe achukue hicho cha zamani.

Cha pili na cha tatu vilikuwa vya chuma hicho. Cha pili kilikuwa na mpini wa mti wa mreteni, mwekundu kidogo, mtupu, bila nyuki wala kizibuo. Ukikishika mkono unabaki na harufu ya kilimani. Kilifungika polepole, kimya. Kwa elfu tatu angekipata pamoja na kinoo.

Cha tatu kilikuwa cha pembe, nyeusi yenye mchirizi mweupe kama maziwa, na ufa mwembamba karibu na msumari ambao Bi Mathilde aliujaza nta na kuuonyesha mwenyewe kwa kidole. Bila ufa huo Séverin asingekigusa kwa hela zile. Hata hivyo kingezila zote, kinoo asipate. Springi yake ilikuwa ngumu. Séverin akakikunjua, akakisukuma kwa gumba, akakiachia.

Ta!

Alisimama pale dukani mdomo wazi. Ulikuwa mlio wa Mzee Cayrel, ule ule, ila mpya. Akakunjua tena. Akafunga tena.

"Wewe," alisema Bi Mathilde, "unanunua kisu au unanunua mlio?"

"Kisu, mama."

Alidanganya, na mama yule alijua. Alimwambia kwamba mahali pake angechukua cha mreteni na kinoo na kwenda zake. Alipoona hasikilizwi alikichukua kile cha pembe, akakifunga mbele ya macho yake polepole, kidole kikilisindikiza bapa mpaka mwisho, bila sauti. "Usikiachie hivi hivi," alimwambia. "Makali yanajigonga kwenye springi, utatia pengo. Kisindikize. Kila mara." Séverin akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na mkono wake tayari uko mfukoni unatoa leso.

Nyumbani Basile alikigeuza kisu kile juu na chini, akakirudisha bila kuuliza habari za daktari. Noélie alitabasamu mchana kutwa. Na Mzee Cayrel akakiomba, akakipima mkononi, akapitisha makali juu ya ukucha bila kuambiwa na mtu, akasema ni kisu kizuri na kwamba ameongozwa vyema. Séverin alijisikia mrefu. Hapo ndipo angetosheka, kama angekuwa na akili.

Hakutosheka. Alikuwa akienda nyuma ya zizi peke yake kukifunga kwa mlio. Ng'ombe walishazoea, hawakugeuza tena vichwa. Siku moja Noélie alimkuta, akasikiliza kidogo, akacheka, akamwambia kwamba kwa masikio tu angedhani ni baba yake. Séverin naye alicheka, lakini maneno yale aliyabeba kifuani siku nyingi na kuyarudia kama mtu anayelamba kijiko. Lakini mezani alikuwa akikifunga kimya, kwa kidole, baada ya Mzee kufunga. Adabu alikuwa nayo bado.

Basi nyasi zikafika. Alhamisi ya juma la pili, malisho makubwa ya juu yalikuwa yamefyekwa na kukauka, yakingoja kukusanywa. Walikaa chakula cha mchana: Mzee Cayrel kwenye kichwa cha meza, Basile, vibarua wawili kutoka bondeni, Séverin, na Noélie anayekaa na kuinuka. Magharibi kulikuwa na wingu jeusi. Kila mtu alikula upesi upesi ila mmoja.

Mzee alikuwa amepoteza meno mawili majira ya baridi yaliyopita. Nyama aliifyonza zaidi ya kuitafuna, na jibini alilikata vipande vyembamba, kimoja, kingine, kimoja tena. Vibarua walishamaliza. Basile aliokota makombo kwa kidole kilicholowa. Macho yote yalikwenda dirishani, yakarudi kwenye kisu cha Mzee, yakaenda tena dirishani. Mzee alikula tu. Labda wingu alikuwa ameliona, maana mawingu ya kule alikuwa ameyatazama miaka sabini. Lakini hakuna aliyemwuliza.

Séverin alilifuta bapa lake kwa mkate. Alikishika kisu wima mbele yake, gumba nyuma ya bapa. Na hapa ndipo yeye mwenyewe mpaka leo hajui aape nini. Hakukusudia, hilo anaweza kulisema. Lakini pia hakujizuia. Gumba lilisukuma, springi ikavuta.

Ta!

Waliinuka wote. Miili iliinuka kabla ya vichwa kujua nani kafunga. Benchi likakwaruza sakafu, kofia zikapanda, kibarua mmoja alishafika mlangoni. Ndipo Basile alipogeuka akamwona Mzee bado ameketi, kipande cha jibini kiko kwenye ncha ya kisu nusu ya njia kwenda mdomoni. Basile akabaki na kofia nusu kichwani. Noélie alikuwa na sufuria mkononi na hakuiweka chini.

Neno moja lingetosha. Kaeni, nimekosea. Watu wangecheka, Basile angepata la kusema kwa mwaka mzima, Mzee angemaliza jibini lake. Séverin alikuwa nalo neno lile ulimini, alilisikia kabisa. Akalimeza. Alitazama dirishani akasema, "Mvua inakuja," akapita nyuma ya kiti cha baba mkwe wake, akatoka, nao wakamfuata.

Walifanya kazi mpaka jua likazama, nyasi zote zikaingia ghalani. Mvua haikunyesha. Lile wingu lilizunguka kilima likaenda zake, halikudondosha hata tone la kumwokoa mtu na aibu yake.

Jioni walipokuja kwenye supu, kiti cha kichwa cha meza kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni karibu na meko, bakuli magotini. Alisema mgongo unataka joto. Mwezi wa saba! Mkate ulikuwa mzima mezani, na kisu cha Mzee hakikuwapo. Noélie alikuja kukiona baadaye kwenye droo, pamoja na kamba, vipande vya mishumaa na funguo ambazo hakuna anayejua ni za mlango gani. Walingoja. Mwisho Basile akausukuma mkate kuelekea kwa Séverin, bila mzaha, bila kumtazama usoni. Séverin akachora msalaba chini yake kwa ncha ya kisu chake cha pembe, ukaenda upande. Akakata. Makali yakakwama kidogo kwenye ganda. Alipotazama aliona pengo dogo, kama la punje ya mtama, pale bapa linapokutana na springi.

Kuanzia siku ile alipata kila alichokuwa akikitaka. Basile alimwuliza yeye waanze upande gani. Mnunuzi wa ng'ombe alipopita alimtafuta yeye uwanjani. Vibarua walimwita bwana. Na kila walipomwita hivyo aliona aibu na kutaka kugeuka kuona kama Mzee amesikia. Mzee alisikia, aliitikia kwa kichwa, kwa wema, akaendelea kumenya viazi. Noélie alimkatia nyama yake vipande vidogo, jibini lake vipande vidogo, akampelekea pale mekoni. Mtu aliyewakatia watu mkate miaka arobaini alikula kwa kijiko.

Mezani Séverin alijaribu kukifunga kisu kimya, kwa kidole, kama alivyofundishwa. Watu hawakusikia kitu, wakaendelea kukaa, wakitazamana, mpaka Basile akauliza kwa sauti ya chini kama wamemaliza au vipi. Ilibidi aseme haya, twende. Kusema kulikuwa kubaya kuliko mlio.

Noélie hakumgombeza. Alimwambia mara moja tu, wakiwa wanakamua.

"Zungumza naye."

"Nimwambie nini, Noélie? Kwamba nilifunga kisu?"

"Ndiyo. Kwamba ulifunga kisu."

Akaenda. Alimkuta Mzee kwenye uzio wa malisho ya juu, amesimama na fimbo yake. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, alipofika yakatawanyika. Alianza, baba, siku ile, akakwama. Mzee hakumwacha ateseke. Alisema nyasi zimeokoka, na hilo ndilo kubwa. Kisha akamwonyesha mtamba mmoja anayechechemea. Séverin alirudi nyumbani amebeba mzigo mzito kuliko aliokwenda nao. Angetukanwa angalau angejua pa kuuweka.

Alianza kukichukia kile kisu. Alifikiria kukirudisha kwa Bi Mathilde na kumwomba kile cha mreteni. Lakini angemweleza nini? Na pengo lile angelificha wapi? Tena zilikuwa hela za mayai. Hakuthubutu hata kukipoteza.

Juma la kwanza la mwezi wa nane nyasi za mwisho ziliingia. Siku hiyo kule watu hula vizuri. Noélie alipika viazi vya kuponda na jibini bichi, vile vinavyokorogwa mpaka vinavutika kutoka sufuriani hadi sahanini, soseji nene, na vibarua walikuwa wamenawa mpaka masikio. Mzee alikuwa mahali pake mekoni, bakuli tayari magotini. Watu walikaa. Mkate ulikuwa mbele ya Séverin, na wote waliungojea mkono wake.

Séverin alitoa kisu mfukoni. Hakukikunjua. Akainuka, akaenda mpaka kwenye kichwa cha meza, akakiweka pale mbele ya kiti kitupu, akauchukua na mkate akauweka kando yake. Kisha akarudi benchini akaketi, mikono mitupu juu ya meza.

"Baba," alisema, na sauti ilimtoka ndogo, "nikatie mkate. Mimi sina kisu."

Basile aliinamisha kichwa. Wale vibarua walitazama sahani zao. Mtu mzima, mwenye mke, mbele ya watu, anaomba akatiwe. Séverin masikio yalimwaka moto, naye akayaacha yawake. Alijua kwamba hii ndiyo bei, na hakuiona kubwa.

Mzee Cayrel aliliweka bakuli chini. Alimtazama mkwe wake. Halafu akainuka, taratibu, mkono kiunoni, akapita karibu na meza bila kukigusa kile cha pembe, akaenda kwenye droo. Walisikia funguo na mishumaa vikisukumwa. Noélie ndiye aliyenisimulia, na hata alipokuwa akinisimulia alishika kifua. Mzee akarudi na kisu chake, akaketi kwenye kiti chake, akachora msalaba chini ya mkate, ukanyooka. Akakata. Kipande cha kwanza alimpa Séverin, mkononi.

Wakala. Alimkatia na soseji, vipande vidogo vidogo, bila dhihaka yoyote, na Séverin akavila kwa vidole. Mzee mwenyewe alikula polepole kama kawaida yake, na wakati wa jibini alikata kipande chembamba, kingine, kimoja tena. Hakuna aliyetazama dirishani. Ng'ombe walikuwa wakilia zizini wakitaka kukamuliwa, na hakuna aliyewasikia. Alipokimeza kipande cha mwisho alilifuta bapa kwa ganda la mkate, akalila lile ganda. Watu walisogeza miguu tayari kwa ule mlio.

Hakukifunga. Alikiweka mezani, kimekunjuliwa, akakisukuma mpaka mbele ya Séverin, mpini ukimwelekea.

"Hiki ningekupa leo," alisema. "Siku ya nyasi za mwisho, mbele ya watu, kama baba yangu alivyonipa mimi. Nilikwishamwambia Noélie tangu Pasaka, nikamkataza asikwambie. Kwani hela za kisu alikupa bure? Alitaka siku hiyo uwe na kisu cha maana." Akapitisha ulimi pale palipokuwa na meno. "Ungeningoja nimalize jibini tu, mwanangu."

Séverin alimtazama mkewe. Noélie alikuwa ameinamia sufuria.

"Haya," alisema Mzee. "Funga. Watu wana kazi."

Akakishika. Kilikuwa chepesi kuliko alivyofikiria, mpini umelika mahali pa kidole cha mtu mwingine. Aliweka kidole chake mgongoni mwa bapa, akalisindikiza polepole mpaka mwisho, na hakikutoa sauti hata kidogo. Hakuna aliyeinuka. Hawakujua. Alikaa pale, kisu kimefungwa kiganjani, mpaka Mzee Cayrel mwenyewe alipoegemea meza, akainuka wa kwanza, akakichukua kisu chake akakitia mfukoni, akaitafuta kofia yake. Ndipo wengine wakainuka.

Mzee aliishi miaka mingine tisa na alikula kwenye kichwa cha meza miaka yote hiyo, na Séverin alijifunza kumaliza mwisho. Noélie alipata gauni lake. Kile kisu cha pembe Séverin anacho mpaka leo. Kimeingia weusi, ufa wa nta haujaongezeka, na kila anayekishika anakisifu. Alishanunua kinoo kizuri, na pengo lile dogo angeliondoa kwa mchana mmoja. Hajaliondoa. Kila anapokata mkate linakwama kidogo kwenye ganda, naye anasimama, anainua macho, anatazama ni nani mezani ambaye bado anatafuna.